Majeshi Mawili na Kikombe cha Posa

Mufadhi alikuwa ameapa. Asubuhi ile, kabla hawajatoka Daraa kuvuka mpaka kwenda Ramtha, upande wa Jordani, Haili, mtoto wa marehemu kaka yake, alimshika mkono mlangoni.

"Ami, nakuomba kitu kimoja tu. Habari za jeshi usizitaje."

"Jeshi gani?"

"La kwetu, la kwao, la nchi yoyote! Baba yake Nufa ni koplo mstaafu. Ukimgusa hapo, mke nimemkosa."

"Wallahi sitatia neno," Mufadhi akasema, na alisema kweli kutoka moyoni. Alimlea Haili mwenyewe tangu kaka yake afariki, akampenda sawa na wanawe wa kuwazaa, na alikuwa amemuahidi marehemu kwamba kijana huyu atamwoza yeye. Lakini jamani, mtu alikuwa sajini wa vifaru wa jeshi la Syria nusu ya umri wake, na mdomo wake haukuwa na breki hata siku moja.

Hata hivyo msemaji wa posa hakuwa yeye. Alikuwa mzee Zuali, mtu wa maneno ya kupima. Basi bwana, mzee Zuali akakwama mpakani. Pasi yake ilikuwa imekwisha muda, na afisa wa pale hakutaka kusikia habari ya harusi wala matanga.

"Sema wewe, Mufadhi!" mzee akapiga kelele dirishani mwa gari. "Ila sema kidogo!"

Ramtha walipokelewa vizuri mno. Sebule ya Baba Ghalibu, babake Nufa, ilijaa wanaume wa pande zote mbili mpaka magoti yakagusana, na harufu ya mansafu, kondoo aliyepikwa kwa mtindi, ikawa inapenya kutoka jikoni. Kikombe kidogo cha kahawa ya iliki kikawekwa mbele ya Mufadhi.

Sasa, kahawa ya posa hainywewi hivi hivi. Mkuu wa wageni huiacha palepale, akaeleza kilichowaleta, akangoja. Baba wa binti akiridhika husema, "Kunywa kahawa yako," na hapo mke amepatikana. Anayeinywa kabla ya jibu amewaambia watu wote kwamba alikuja kunywa kahawa tu, haja nyingine hana. Watu wa Huran, huku na huku ya mpaka, wanalijua hilo kabla hawajajua kufunga kamba za viatu.

Mufadhi akakohoa, akainua uso aanze na bismillahi, na macho yake yakatua ukutani. Palikuwa na picha ya Baba Ghalibu enzi za ujana, amesimama juu ya kifaru, kidevu kimeelekea mbinguni.

Angenyamazaje, mtu yule!

"Mashaallah," akasema. "Hicho ulichopanda ni kifaru au trekta?"

Haili akafumba macho. Baba Ghalibu akageuka rangi kidogo, kisha akajibu taratibu, "Kifaru. Kwani kwenu hujawahi kukiona kinachotembea?"

Watu wa Ramtha wakacheka. Mufadhi akahisi damu inampanda masikioni.

"Sisi? Vifaru vyetu vikipangwa foleni, cha kwanza kiko Daraa, cha mwisho kiko Halabu, mwisho wa nchi!"

"Naam, kwa sababu vimezimika njiani."

"Jeshi lenu zima linaenea uwanja mmoja wa mpira, Baba Ghalibu!"

"Na kila mmoja ana buti zinazomtosha. Ninyi mko wengi, ndiyo, lakini nasikia jozi moja mnavaa wawili kwa zamu."

"Ami," Haili akanong'ona, akamfinya ubavu.

"Niache! Sikiliza, koplo. Sisi tukipiga chafya kwa pamoja, mahema yenu yote yanang'oka!"

"Pigeni. Nyie hata chafya mnangoja amri kutoka Damaski."

Chumba kizima kikavunjika mbavu. Mufadhi koo lilikuwa limemkauka kwa hasira na kelele. Akanyoosha mkono, akachukua kikombe, akakigugumia mara moja, akakirudisha chini kwa kishindo ili ajibu vizuri.

Hakuna aliyecheka tena.

Mufadhi akakitazama kikombe. Kilikuwa kitupu. Akamtazama Haili. Uso wa kijana ulikuwa mweupe, na midomo inatetemeka kama alipokuwa mdogo, siku ya mazishi ya babake. Mungu wangu, nimefanya nini, Mufadhi akawaza.

"Karibu tena kahawa wakati wowote," Baba Ghalibu akasema kwa sauti kavu.

Mufadhi akainuka. Akavua kitambaa chake cha kichwani pamoja na kamba yake nyeusi, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia mtu, akaviweka miguuni pa mwenye nyumba.

"Baba Ghalibu, nchi yetu kubwa, jeshi lake kubwa, na sajini wake ameshindwa na kikombe hiki. Semeni popote mtakapo: Jordani imeipiga Syria, hapa hapa sebuleni kwako. Mimi ni mateka wako. Lakini aliyekunywa ni mimi. Kijana hajanywa."

Nyuma ya mlango wa wanawake ikasikika sauti ya Mama Ghalibu. "Nyie wanaume! Mansafu inapoa, na binti amevaa tangu alfajiri. Vita vyenu si mvimalizie baada ya kula!"

Baba Ghalibu akainama, akaokota kile kitambaa, akakirudisha mwenyewe kichwani pa Mufadhi, akakikaza kwa kamba. Kisha akachukua birika, akajaza kile kikombe mpaka nusu, akakiweka mahali pake.

"Jamani, kuna mtu aliyeona chochote?" akauliza.

"Hatujaona kitu!" sebule nzima ikaitika.

Mufadhi akasema posa yake kwa maneno machache kiasi kwamba mzee Zuali angemsifu. Baba Ghalibu akamsikiliza, kisha akamwinamia karibu na sikio, lakini hakujua kunong'ona, wote wakamsikia.

"Kile kifaru cha kwenye picha kilikuwa kibovu. Kilivutwa na trekta mpaka pale ili tupige picha. Ulipouliza nusura nizimie, nilidhani kuna aliyekwambia."

Mufadhi akafungua mdomo. Akaufunga.

"Kunywa kahawa yako, sajini," Baba Ghalibu akasema.

Mufadhi hakukigusa kikombe. Mikono aliiweka mapajani, akamgeukia Haili, machozi yamemjaa.

"Ninywe?"

"Kunywa, Ami," Haili akamwambia. "Sasa kunywa."