Kugawa kwa Kumi na Saba

Saa nne asubuhi, Jumanne, karatasi mbili za mtihani zilikuwa zimewekwa sambamba juu ya meza ya Profesa Haugland, na jibu la swali la tatu lilikuwa na kosa lilelile katika zote mbili.

Moja ilikuwa ya Solveig Tollefson, nyingine ya Desmond Achterberg, na wote wawili walikuwa wamesimama mbele ya meza. Darasa lao la hisabati lilikuwa na wanafunzi watano tu. Mtihani waliufanyia vyumbani bila msimamizi, kila mmoja ametia saini kwamba hatazungumza na mwenzake. Ambaye angeivunja ahadi hiyo angefukuzwa chuo.

"Kukosea nyote wawili si ajabu," alisema profesa. "Ajabu ni kugawa kwa kumi na saba. Namba yoyote ingefaa hapo, ila watu hugawa kwa mbili."

"Ndivyo ninavyofanya siku zote," alisema Solveig.

"Hata mimi," alisema Desmond.

"Tangu lini?" Solveig alimuuliza. "Tangu nilipokukuta kwenye mashine ya kuchapa, karatasi yangu ikitoka?"

"Acha hizo, Solveig. Nikitaka kuiba, nitamwibia anayepata."

Solveig hakucheka. Kwenye mashine alikuwa amemkuta Desmond peke yake.

"Profesa, mpe swali mtu ambaye hakufanya mtihani huu. Akigawa kwa mbili, mmoja wetu ni mwizi, na si mimi."

Profesa alitoka, akarudi na Rufus Pelkey, aliyekuwa akitafuna mkate wenye siagi ya karanga ukumbini. Mwaka wa pili Rufus alisoma nao somo la uthibitisho wa hisabati, kisha akakimbilia fizikia. Alisoma swali, akashika chaki. Akachagua namba moja itumike kwa pointi zote, ilhali kila pointi ilihitaji yake: kosa lilelile la zile karatasi mbili. Kisha akagawa kwa kumi na saba.

"Nani alikufundisha hivyo?"

Rufus alimtazama kama anayetaniwa. "Si wewe, Profesa? Ulisema mbili imekuchosha."

Profesa aliusoma ubao, akatambua alivyowafundisha mwenyewe. Kisha akaipigia simu kamati ya nidhamu, akasema hana shtaka. Alipoweka simu, alikata alama nne kwenye kila karatasi.

"Lakini ulitufundisha wewe!" alisema Desmond.

"Kosa ni kosa."

Solveig alimgeukia Desmond. "Samahani."

Desmond alichukua karatasi yake, akatoka.