Nondo Moja, Majina Mawili

Mtengeneza tovuti alikuwa amemaliza kila kitu: picha za mageti, namba ya simu, hadi ramani ya kutufikia. Kilichobaki ni jina la tovuti tu. "Chagueni kabla ya saa sita mchana," aliniambia kwenye simu, kwa sauti tamu ya mtu asiyewajua kaka zangu.

Kaka zangu ni mafundi wa mageti ya chuma. Mkubwa tunamwita Tingatinga, kwa sababu hazunguki kitu, anakipitia. Wa pili ni Cheche, mwembamba, na akichomelea chuma utadhani kakishona. Mimi ndiye kitinda mimba. Nachora mageti na kujibu wateja, na asubuhi hiyo nilikuwa nimekalia ndoo ya rangi, kompyuta mapajani.

"Andika tingatingamageti," akasema mkubwa.

"Andika bawabamageti," akasema Cheche. Bawaba lilikuwa jina la utani la baba, aliyeanzisha karakana ile na kufa akiwaachia wote wawili.

"Baba hapokei simu siku hizi," akasema Tingatinga.

"Na wewe ukizipokea, mimi nitakuwa nani humu?"

"Fundi wangu. Nitakulipa kwa siku, kama vibarua wengine."

Nilikuwa na mzaha tayari, nikaumeza. Mteja akishazoea kuona jina la Tingatinga, Cheche atakuwa kibarua kwenye karakana ya baba yake mwenyewe, na alilijua hilo kabla yangu.

Kwetu ugomvi haupigiwi kura. Baba alitufundisha njia yake: wagombanao wanashika nondo moja ya chuma, kila mtu ncha yake, na wa tatu anaichoma katikati kwa moto wa gesi. Atakayeachia kwanza kashindwa. Ndivyo tulivyoamua nani alale dirishani, na ndivyo nilivyopata kovu la kidole gumba. Familia nyingine zina albamu za picha.

Cheche akaokota kipande cha nondo.

"Hiyo fupi mno," nikamwambia.

"Si una haraka na jina?"

Nikaweka kompyuta chini ya meza, nikawasha moto.

Mwanzoni walitaniana. "Bado baridi," akasema Tingatinga. "Kama mapenzi yako," akajibu Cheche. Baadaye kidogo wakanyamaza. Katikati ya nondo palikuwa pamegeuka pekundu, na wekundu ule ulikuwa ukitambaa pande zote mbili. Kisha nikasikia harufu, na haikuwa ya chuma. Kiganja cha Cheche kilianza kulia kama kitunguu kwenye mafuta. Machozi yalimtoka, mkono haukuachia.

Nami, sitadanganya, nikausogeza moto. Upana wa vidole viwili tu, kuelekea kwa mkubwa.

"Unasogeza moto," akasema Tingatinga taratibu.

"Mkono umechoka, kaka."

"Miaka yote hii haujawahi kuchoka."

Akaivuta nondo kwa nguvu zake zote, na ngozi ya kiganja cha Cheche ikaondoka nayo. Akaizungusha ikaja usoni kwangu. Niliinama, ikagonga mtungi wa gesi, mlio ukajaa karakana nzima. Nilipata muda wa kufunga gesi tu. Akanikamata nywele kwa mkono mwingine, akanibamiza uso kwenye geti tulilokuwa tunalipaka rangi, mara moja, mara mbili. Jino likang'oka, nikalimeza. Nilipofumbua macho niliiona nondo ikipanda tena.

Haikushuka. Cheche alikuwa ameokota nyundo ya kilo mbili kwa mkono wake mzima. Bega la Tingatinga lilivunjika kwa sauti ya kuni kavu, akakaa chini kama mtu aliyechoka kusimama. Cheche akainua nyundo mara ya pili, akaishusha kando ya sikio la kaka yake. Sakafu ikapasuka.

"Jina tu, jamani," nikasema. "Tulikuwa tunatafuta jina."

Wote wakahema.

"Sijaachia," akasema Tingatinga. Kweli, nondo ilikuwa bado ngumini, imemganda.

"Mimi pia sikuachia. Umeninyang'anya." Cheche akatupa nyundo. "Na huyu kaiba moto. Hakuna aliyeshinda."

Kompyuta niliikuta na kioo kimepasuka pembeni, lakini ikiwaka. "Niandike nini?"

"Mageti Imara," akasema Cheche. "Jina la mtu lisiwemo."

"Na la baba?"

Akaangalia damu iliyokuwa ikidondoka kutoka kiganjani. "Baba asiwekwe kwenye hili."

"Na mimi ni nani hapa?" akauliza Tingatinga kutoka sakafuni.

"Fundi, kama mimi. Ukitaka zaidi, una bega jingine."

Nikaandika magetiimara. Halikuwa limechukuliwa na mtu.

"Inauliza tulilipie mwaka mmoja au mitano," nikasema, nikitema damu.

Walitazamana.

"Mmoja," akasema Tingatinga. "Mwakani bega litakuwa limepona."

"Mmoja," akasema Cheche.

Nikabonyeza mmoja, kisha nikapiga simu kuita gari la kwenda hospitali. Nikaagiza mawili.