Fair, kwa Mujibu wa Kamusi

Msimamizi wetu wa chumba cha kufulia tunamwita Kamusi, na si kwa sifa. Alikimeza Kiingereza nusunusu zamani hizo, kikamkaa tumboni, na sasa anatucheulia sisi. Ukimwambia mashine imegoma, kwanza akueleze hilo neno mashine limetoka wapi, huku mashuka ya wodi nzima yanaelea kwenye povu.

Mimi ni kiongozi wa kitengo cha pasi hapo hospitalini, mwaka wa pili huu, na cheo changu sikukiokota. Mdogo wangu, tumbo moja, yuko upande wa mashine, miaka kumi na mmoja. Doa la damu lililolala siku tatu analitoa, na shuka halichakai. Lakini mgongo umeanza kumgomea kwa kubeba nguo mbichi, na daktari alishamwambia akiendelea hivyo mwaka mwingine atakuja kulazwa kwenye mashuka hayo hayo. Kwa hiyo lilipofunguliwa jengo jipya, wakatafuta msimamizi wa kufulia wa huko, mtu wa kusimama na daftari tu, sote tulijua nafasi ni ya nani.

Barua ikaja: "Tathmini ya mkuu wako wa kazi inaonyesha utendaji wa wastani." Nafasi akapewa mwanamke mmoja wa zamu ya mchana ambaye kazi yake kubwa ni kutafuta ndara zake.

"Yaishe, dada," mdogo wangu akaniambia.

Yaishe wapi. Nilimshika mkono nikampeleka ofisini kwa Kamusi, naye akatutolea nakala ya fomu bila hata kubisha. Fomu ina visanduku vinne, kwa Kiingereza, kuanzia juu: "excellent", "good", "fair", "poor". Tiki ya mdogo wangu ilikuwa kwenye "fair", imekolezwa wino mara mbili.

"Mzee, huyu amekukosea nini?"

"Anikosee? Nimempa ya juu."

"Ya juu ni 'excellent'."

"Hiyo ni ya Mungu," alisema. "Mimi simpi binadamu."

"Na 'good' je?"

Akacheka kwa huruma, ile ya mwalimu kwa mtoto mzito. "'Good' ni mzuri tu. Chai 'good', kiti 'good', yeyote asiyenisumbua 'good'. Lakini 'fair', dada yangu, 'fair' ni haki. Mtu wa 'fair' hajifichi chooni, hasingizii mashine. Ni wachache mno."

Nilimwacha amalize, maana nilikuwa naona raha. Kisha nikampa somo. Nikamwambia "fair" ni haki ukizungumzia hakimu au mchezo. Ukizungumzia ngozi, ni weupe. Ukizungumzia kazi ya mtu, tena imewekwa chini ya "good", ni wastani: si mbaya, si ya kusifiwa, kama mgonjwa aliyekula nusu sahani akaacha. Nikamwambia mwanangu wa darasa la sita analijua hilo, na kwamba mtu mzima kujitia msomi huku anawazika wenzake kwa tiki ni aibu tupu.

Nilitegemea abishe. Badala yake alivua miwani, akaisogeza ile fomu karibu na macho.

"Miaka tisa," alisema. "Wale bora wote."

Akavuta karatasi nyeupe. Alisema atawaandikia makao makuu leo hii, aeleze kila neno alilikusudia vipi, wazipitie fomu zote upya. Waliokuwa "fair" wapandishwe.

"Na wale niliowaandikia 'good'..." alianza, akaniangalia, akainamisha kichwa upesi.

Fomu yangu naikumbuka vizuri. Ndiyo iliyonipa cheo.

"Mimi uliniandikia 'good' kwa nini?" nikamuuliza.

"Hukuwa unasumbua," alisema polepole. "Pasi yako inapita."

Mdogo wangu alikuwa anatazama dirishani, kama mtu asiyesikia. Kalamu ya Kamusi ilikuwa imeshagusa karatasi.

"Niandike?" aliniuliza mimi, kwa kuwa mimi ndiye mjuzi.

Nikamwambia makao makuu hawapendi usumbufu. Nikamwambia barua ya namna hiyo itamuumbua yeye mwenyewe, mzee wa watu, karibu na kustaafu. Fomu nyingine zinakuja mwakani, mwakani si mbali, safari hiyo amtilie mdogo wangu tiki panapostahili. Nilieleza vizuri sana. Kamusi alinishukuru, akaikunja ile karatasi.

Tulipotoka, mdogo wangu alinishikia mlango nipite kwanza.

"Sawa, kiongozi," alisema.

Hajaniita dada tena tangu siku hiyo.