Ng'ombe Jikoni kwa Mama Aikande

Kila asubuhi Namelok, mfanyakazi wa ndani, alichomoa tangi dogo la oveni ya mvuke, akalijaza maji ya bomba, akalirudisha mahali pake. Kisha aliingiza viazi vitamu, au mayai, au wali wa kiporo, ambao kwa mvuke ule ulirudi laini kana kwamba umeepuliwa sasa hivi. Oveni ilitoka Ulaya. Maji yalitoka Ngorongoro, katika chemchemi alikonyweshea mifugo babake Namelok, mpaka Herbert, mwenye nyumba hii ya Karatu na magari ya watalii, alipoizungushia seng'enge. Maji ni rehema ya Mola. Herbert aliitia kufuli.

Mwaka wa ukame, Namelok alipofungua oveni atoe maboga, mvuke ulitoka, na ndani ya mvuke akatoka ng'ombe mwekundu. Akamtambua kwa alama ya sikio, akamsogezea beseni. Ng'ombe akanywa, akapitia mlango wa nyuma.

"Huyo naye wa nani?" aliuliza Mama Aikande, mke wa Herbert, akiendelea kuchambua kunde.

"Wa baba. Atakuwa amekufa leo."

"Pole, mwanangu. Ila sakafu uipige deki."

Wakaja wengine, kila mmoja siku ya kufa kwake. Namelok akamfuata Herbert mezani.

"Bosi, fungua chemchemi. Wamebaki wachache, na mzee wangu hatawaacha."

Herbert akakipuliza kiazi. "Na oveni itakunywa nini, mate? Afadhali niupanue ule mlango, wapite bila kukwaruza rangi."

Fundi akaja, mlango ukapanuliwa.

Jumapili, wali ukiwa ndani, mvuke ulimtoa mzee mwenyewe, shuka jekundu begani, fimbo mkononi, midomo imepasuka. Namelok akainamisha kichwa, kama mtoto wa Kimaasai amwonapo mkubwa wake. Mzee akamgusa utosini.

"Wamepita hapa wote?"

"Wote, baba. Nimewanywesha."

"Umefanya vyema."

Akanywa kikombe, akaongeza kingine, akashukuru. Herbert alimsindikiza hadi getini kwa adabu zote, akampa pole ya mifugo. Bustanini mpira wa maji ulikuwa ukimwagilia nyasi. Mzee akauzunguka kwa uangalifu, asije akaukanyaga.