Mti wa Mfalme Kiboko

Katika ufalme wa Ziwatope kila mnyama alijua mahali pake. Viboko walikaa majini, mamba walilinda ukingo, na wanyama wa nchi kavu walipanga foleni tangu alfajiri wakisubiri kuruhusiwa kunywa. Mfalme Kiboko alikuwa ametawala miaka thelathini na mmoja. Kila mwaka Kenge, waziri wake mkuu, alitangaza kwamba wananchi wamemsihi Mtukufu aendelee. Wananchi walizipokea habari hizo kama unavyozipokea wewe msomaji, kisha wakarudi kwenye foleni.

Nyuma ya nyumba ya Mama Pimbi kulikuwa na ua mnene wa michongoma. Mtaa mzima uliamini kwamba hapo ndipo nchi inapoishia. Siku moja foleni ilimrudisha mikono mitupu, wanawe watatu wakilia kiu, naye akajipenyeza chini ya miiba kutafuta walau majani mabichi. Alitokea ndani ya bustani, hatua arobaini tu kutoka jikoni kwake.

Aliduwaa. Viti vya mawe vilikuwa vimezama nyasini, na kando yake kulikuwa na kisima kilichofunikwa kwa jiwe. Mbele yake kulikuwa na safu ya visiki, kila kimoja na kibao cha jina la mfalme aliyepita. Hapo akayakumbuka masimulizi ya bibi yake, ambayo siku zote aliyadhani ngano. Kila mfalme alipanda mti wake katika bustani hiyo. Mara moja kwa mwaka aliuegemea mbele ya watu akasikiliza malalamiko yao, nao walioridhika wakaumwagilia maji. Wasioridhika walirudi na vibuyu vyao vimejaa. Mti ukikauka, mwenyewe alishuka kitini.

Kisiki cha mwisho kilikuwa cha Kiboko. Mchwa walikuwa wamekila zamani sana.

Mama Pimbi hakuweza kunyamaza. Alimwambia jirani yake Kanga, na kufikia adhuhuri foleni nzima ilikuwa ikinong'ona. Alasiri mamba wawili walimfikisha barazani.

"Mama, uliona nini huko?" Mfalme aliuliza kwa upole.

"Kisiki chako, Mtukufu."

Wajumbe wote waliinamisha vichwa. Kenge akakohoa.

"Mama yetu amepigwa na jua," alisema. "Aliouona ni mti ulio mapumzikoni. Mtukufu, tukiifunga bustani watauliza kwa nini. Tuifungue sisi, kwa ngoma na hotuba."

"Na mti?"

"Mti utakuwepo."

Kiboko alifikiri, kisha akamgeukia Mama Pimbi. "Nakuteua mlinzi wa mti wangu. Hongera. Una watoto wangapi?"

"Watatu, Mtukufu."

"Watakaa kwetu ukiwa kazini."

Mama Pimbi alitoka barazani mbio. Aliporudi nyumbani, watoto walikuwa wameshachukuliwa.

Kesho yake tembo wa serikali walileta msufi mkubwa, wenye majani yanayong'aa. Walikuwa wameukata kwa msumeno kule mtoni. Wakauchomeka shimoni, wakaushindilia tope, wakapongezana. Katika serikali nzima hakukuwa na mnyama aliyewahi kupanda hata mchicha, na hakuna aliyeuliza habari za mizizi.

Mama Pimbi aliumwagilia maji ya kisima asubuhi na jioni. Siku ya tatu majani yalianza kugeuka manjano. Kenge hakubabaika, alileta ndege wafumaji, wakashona majani mabichi kwenye matawi kwa uzi.

"Wanangu watarudi lini?" Mama Pimbi alimuuliza.

"Mradi mti ubaki kijani, wako salama," Kenge alijibu. "Kila wiki tutabadilisha majani. Wewe mwagilia tu."

Ndipo alipoelewa kwamba hawatarudi. Alimaliza kumwagilia kwa sababu mamba walikuwa wakimtazama, kisha akakaa chini, akalia mpaka kichwa kikamuuma.

Siku ya uzinduzi wananchi waliingia bustanini wakiwa na vibuyu vya maji. Kenge alihutubia mpaka jua likawa kali. Mfalme alikata utepe, wapambe wakapiga makofi, naye akageuka aende zake. Mama Pimbi akapita katikati ya mamba, akapiga magoti.

"Mtukufu, bado kuegemea."

Kenge alisogea haraka. "Ratiba haina—"

"Aegemee!" Sauti ilitoka nyuma, kisha nyingine, kisha ikawa foleni nzima ya miaka thelathini na mmoja.

Kiboko aliutazama umati, akautazama mti wake wa kijani. Hakuna aliyekuwa amethubutu kumwambia kuhusu uzi. Akatabasamu kwa ajili ya watu wake, akaweka mgongo.

Msufi ulilala chini bila kelele nyingi. Mfalme alianguka nao, miguu juu, majani na nyuzi vikimwangukia tumboni. Ungetarajia wacheke, lakini hakuna aliyecheka. Kenge aliwatazama mamba. Mamba waliutazama umati, jinsi ulivyokuwa mkubwa, na jinsi kila mmoja alivyokuwa amekumbatia kibuyu chake kilichojaa.

Kiboko alijaribu kuinuka, akashindwa. "Mama," alisema, "wewe ndiye mlinzi. Waambie wamwagilie."

"Wanangu kwanza," Mama Pimbi alisema. "Halafu usogee, Mtukufu. Shimo hilo tunalihitaji kwa mti wenye mizizi."