Fagio Getini

Mume wangu ndiye mlinzi wa geti la msitu. Mama yangu ndiye anayeapa kulivunja hilo geti. Haya, niambie, mimi nisimame wapi?

Msitu ulifungwa kiangazi. Tangazo likasema watu wamezidi, miche haioti, asiingie mtu. Mama akacheka, akidhani yeye hahusiki. Alistaafu kufagia barabara za manispaa, na tangu baba afariki, kila asubuhi alikuwa akifagia chini ya mti ambao baba aliupanda humo. Pakawa safi kama sebuleni. Mti wenyewe ulishaoza ubavu, na mama alikuwa anaomba kitu kimoja tu: uache mche kabla haujaanguka.

"Mkwe wangu, fungua."

"Shikamoo, mama. Siwezi."

"Marahaba. Fungua!"

Hakufungua. Mama akakaa chini palepale nje, fagio mapajani, akalia. Nyumbani nikamnunia mume wangu. Kesho yake nikaenda kwa mama, nikajikuta namtetea mume! Jamani, nilikuwa sijielewi.

Mvua zilipokwisha, mti ukaanguka. Mume wangu hakuwa na moyo wa kumficha mama. Akawaomba wakubwa wake, wakakubali tuingie mara moja, tuuage.

Mama alifika na fagio lake, akasimama ghafla. Majani makavu yalikuwa yamerundikana kuuzunguka mti, na katikati yake imechomoza miche. Miche mingi, mwenzangu, yenye majani yaleyale ya mti wa baba!

"Nani alikuwa anafagia hapa nilipokuwa sipo?" mama akauliza.

"Hakuna mtu, mama," mume wangu akajibu, macho chini.

Mama akalitazama fagio. Akanitazama mimi. Sikujua nicheke au nilie, nikafanya yote mawili. Kumbe miaka yote ile alikuwa anazoa mbegu pamoja na majani, anakwenda kuzimwaga jalalani, kwa mapenzi yake yote.

"Nitoeni humu," akasema. "Mkwe wangu, nishike mkono, nisije nikawakanyaga watoto hawa wa mti."

Tulipotoka akamkabidhi mume wangu fagio.

"Funga," akamwambia. "Na kesho nikija nalia hapa, maana nitakuja, usinifungulie."