Sukari Alichomwa Sindano Mbili

Niko na imbwa mbili zenye marehemu muke yangu Annuarite aliniachia. Sukari anapenda kila muntu. Hata mwizi akiingia, atamulamba mikono. Komando hapendi muntu, lakini kila asubuhi anakuyaka kulaza kichwa juu ya miguu yangu, na moyo yangu inapoa kidogo.

Bakubwa ba serikali kule Lilongwe balituma bantu hapa kwa kambi yetu ya bakimbizi, Dzaleka, kuchoma imbwa sindano ya kukinga kichaa. Imbwa yenye kuchomwa inafungwa kamba nyekundu shingoni. Yenye haina kamba itapigwa risasi.

Nilipofika uwanjani nikimuvuta Komando, Sukari, mwenye alinitangulia, alikuwa na kamba mbili! Alichomwa, akazunguka, akarudi kwa foleni akitikisa mkia, na bale bantu bakamuchoma tena.

"Papa René, uko na imbwa mbili, na kamba mbili njo hizo," Rodrigue, chef wa bloc, mukubwa wa mutaa yetu, akaniambia. "Toa moja, umufungie Komando. Kwisha."

"Kamba njo dawa? Komando akiuma mutoto kesho, utamupa mutoto kamba?"

Bantu bakacheka. Mwenye sindano akasema anaogopa kumukaribia Komando. Serikali inamulipa aogope imbwa!

Nikakaa chini, nikabana kichwa ya Komando ndani ya kwapa yangu, vile Annuarite alikuwa anamushikaka. Alinguruma, akatetemeka, lakini hakuniuma. Bakamuchoma, bakamufunga kamba yake.

"Zikomo, Papa," Rodrigue akanishukuru na Kichewa.

Nilikamata imbwa zangu, nikaenda kuzipikia nsima, bugali ya huku.